Tangazo la Kifo cha Ouko

Nairobi, 3 Septemba 2023

Kwako Baba,

Pokea salamu nyingi, wewe na Mama na Amondi. Presha ya Mama imeshuka? Mwambie asiruke dawa hata siku moja. Mimi ni mzima, vidole tu vimeota sugu.

Albamu ya pili imeisha. Nyimbo tisa, gitaa nzito kuliko za kwanza. Mama akikwambia ni makelele, mwambie mwanawe alilelewa na mtu wa mashine za kiwanda cha chai, angeimba nini kingine?

Ile ya kwanza tuliitangaza kwa miguu, mimi na wewe, mpaka geti la chuo cha Kabianga. Safari hii nina promota, anaitwa Ombui. Ana mpango mkubwa, lakini ameniapisha nisiuseme hata nyumbani. Kuanzia tarehe moja Oktoba simu yangu itazimwa mpaka uzinduzi, Ijumaa tarehe ishirini. Ukiwa na neno, andika, utume kwa parcel ya basi kwenda studio, jina la Ombui na namba yake viko nyuma ya bahasha.

Kitu kimoja nakuomba. Ombui anataka majina ya jamaa wote, yakiwa yamepangwa vizuri, upande wako na upande wa Mama.

Mimi mwanao,
Ouko

Roret, 11 Septemba 2023

Mwanangu Ouko,

Salamu kutoka kwetu. Sisi tunaendelea, neema ya Mungu inatosha. Mvua iko, majani ya chai yanatoka vizuri, mgongo wa mama yako ndio unalalamika. Presha inapanda na kushuka inavyotaka.

Umefanya vizuri kuandika. Simu unajua haina kazi na mimi. Miaka ishirini na sita ndani ya chumba cha kusaga majani imeniachia masikio ya mapambo. Nyimbo zako mama yako huzisikiliza, kisha ananigeukia ananitamkia maneno polepole nikimwangalia midomo. Ile ya Mashine Nambari Tatu nimeomba mara nyingi mpaka amechoka na mimi.

Unakumbuka mabango? Nilipika uji wa unga nikayabandika kituo cha kununulia majani, karani akaniuliza huyu kijana anasimamia kiti gani. Nikamwambia hasimamii, anaimba. Akasema basi toa. Sikutoa. Yalikaa hapo mpaka mvua ikayamaliza.

Majina haya hapa. Mama yako amefurahi, anasema yatakuwa kwenye ukurasa wa shukrani wa albamu. Andika hivi: mwana wa Mzee Obonyo, aliyekuwa wa kiwanda cha chai, na Mama Janeffer wa Roret. Ndugu wa Amondi. Mjukuu wa Eucabeth, na wa marehemu Kiplimo. Mpwa wa Kipkosgei. Usimwache Kipkosgei, ataninunia mpaka Krismasi.

Baba yako,
Obonyo

Roret, 5 Oktoba 2023

Ouko,

Sisi si wazima. Naandikia kwenye benchi, hospitali ya Kapkatet.

Mjomba wako Kipkosgei aliona kwenye simu picha yako, chini imeandikwa umefariki, na majina yetu yote, vile vile nilivyoyapanga. Akakupigia, simu imezimwa. Angefanya nini? Akafanya kile mjomba anafanya, akapeleka tangazo redioni ili jamaa wasikie. Likasomwa Jumatatu saa saba mchana, saa ya matangazo ya vifo.

Mama yako alikuwa kituo cha majani, karani ameweka redio dirishani. Wanasema alisikia jina langu kwanza, akadhani ni mimi nimekufa. Akaanza kukimbia kuja nyumbani. Lako lilimfikia akiwa bado mlangoni pa kituo. Alianguka juu ya kikapu chake.

Mimi nilikuwa ng'ombeni. Niliona watu wanaingia bomani wakiwa wamevua kofia, wengine na maziwa, wengine na viti. Zaidi ya mia mbili. Nilikuwa nasalimia tu, sijui nani amekufa, mpaka Amondi aliporudi kutoka hospitalini, alikompeleka mama yako, akaniandikia kwa karatasi.

Jumanne jioni Amondi akampata huyo Ombui kwa simu, akaambiwa wewe u mzima, ni matangazo ya albamu. Nilishukuru Mungu na nikaona aibu wakati mmoja. Kipkosgei aliwaambia watu. Walikunja tenti bila kuniangalia. Jirani yetu Mama Rebeccah alichukua kibuyu chake cha maziwa akaenda nacho.

Mama yako mdomo umekwenda upande. Anasema kitu, namwangalia midomo, siwezi kusoma chochote. Yeye hawezi kusema, mimi siwezi kusikia, tunaangaliana tu. Amondi amemwambia uko hai, lakini macho yake hayatoki mlangoni. Njoo akuone. Sikugombezi. Njoo tu.

Baba yako

Nairobi, 9 Oktoba 2023

Baba,

Sijui nianze na salamu gani. Nisamehe. Naapa nilidhani tangazo litabaki kwenye mtandao, kwa vijana wa huku. Majina niliyaweka kwa sababu tangazo bila majina halifanani na la kweli.

Nilimwambia Ombui nakuja kesho. Ameniwekea mkataba mezani. Nikionekana popote kabla ya tarehe ishirini, nyimbo zote tisa zinabaki kwake. Miaka miwili ya kazi, Baba. Nimelia mbele yake kama mtoto, na bado nikarudi kufanya mazoezi. Hivyo ndivyo nilivyo.

Ni siku kumi na moja tu. Jumamosi asubuhi tarehe ishirini na moja nitakuwa kwa gari la kwanza. Mwambie Mama anisubiri. Mwambie nakuja kwa miguu yangu.

Mwanao,
Ouko

Roret, 22 Oktoba 2023

Mwanangu,

Natumai u mzima.

Mama yako alifariki Jumamosi tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Madaktari walijitahidi, sina lawama kwao. Nilikuandikia kesho yake. Naona barua hiyo haikufika, au ilifika na hukuiamini. Amondi alimpigia Ombui akamwambia mama amekufa. Akacheka, akasema sasa hata nyumbani mmeelewa hii kazi.

Tulikwenda redioni na tangazo. Yule wa mezani alisoma majina, akaniangalia, akasema polepole nikamwona mdomoni: "Mzee, hii ni albamu gani tena?" Wakataka barua ya chifu. Chifu naye akataka karatasi ya hospitali. Likasomwa Alhamisi, na watu wakazima redio.

Jumamosi jana nilikusubiri mpaka saa tisa. Amondi ananiambia vijana wa Kabianga wanasema uzinduzi ulijaa, ukaongezwa siku ya pili. Basi tukazika. Pasta, Kipkosgei, mama yangu Eucabeth, Amondi, na majirani saba. Kaburi lilichimbwa na watu wanne, mimi mmoja wao. Nilitembea sokoni Roret asubuhi nikisema Janeffer amekufa, na watu walinipigapiga begani wakitabasamu, kama vile nimewauzia kitu.

Ukija, pita hapo sokoni kwanza, mchana, uwaambie kwa mdomo wako. Sijui kama watakuamini zaidi yangu. Lakini mke wangu hajaliliwa, Ouko, na mimi peke yangu kilio chake sikimalizi.

Nimeangalia barua hii tangu nimeianza, nimeona inafanana kabisa na lile tangazo lako. Majina ni yale yale. Kama na wewe huamini, sina njia nyingine ya kukwambia.

Baba yako,
Obonyo