Uzi Mweupe au Mwekundu

Ca' Bianca, 4 Machi 1962

Mjukuu wangu Fulvia,

Pokea salamu zangu. Hujambo, na kile kifua kimepona? Masista wa hapo bwenini wanakupa supu, au wanakupa maji ya moto yaliyobatizwa jina la supu? Mimi mzima, isipokuwa macho. Jioni siwezi tena kutunga uzi sindanoni, kwa hiyo nadarizi asubuhi, dirishani, jua likinisaidia.

Mashuka ya arusi yako yamefika tisa, bado matatu. Nataka niyamalize kabla macho hayajaniaga. Herufi yako nimeitia uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kama alivyopenda marehemu mama yako. Sasa niambie, ile E ya Ermes niitie kwa uzi mweupe au mwekundu? Nilikuuliza Krismasi, ukaondoka kwenda kuleta kuni.

Mama yake, Bi Elvezia, amekwisha kununua kofia ya kuvaa siku hiyo. Ina ndege juu yake. Mwombee ndege.

Soma, lakini lala pia.

Bibi yako,
Cesira

Bologna, 15 Machi 1962

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona, na supu ni kama ulivyosema. Nasikitika kuhusu macho yako. Tafadhali usijichoshe, hakuna haraka.

Nina mtihani wa Kilatini mwezi wa tano. Nasoma maktabani hadi wanapofunga, kisha narudi kwa miguu chini ya matao ya barabarani, nikijibu maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Unanijua. Huwa nazungumza sana ndani, kisha nje natoa maneno mawili.

Ermes ameandika. Tarehe mosi Aprili, Jumapili, ananichukua kwenda Verona kutwa moja. Mimi nitapanda treni hapa, yeye atapandia San Felice. Mama yake ndiye aliyepanga. Anasema yeye na mumewe mfamasia walikwenda kusimama chini ya roshani ile ya wapendanao wa kwenye tamthilia, wakarudi na tarehe ya arusi, basi na sisi turudi na tarehe. Ameshamwambia na padri.

Sina zaidi. Mvua inanyesha.

Mjukuu wako,
Fulvia

Ca' Bianca, 22 Machi 1962

Fulvia wangu,

Marahaba. Verona ni kuzuri, nilifika mara moja na babu yako kwenye mnada wa mifugo. Vaa viatu bapa, mawe ya barabarani yanavunja visigino. Funga skafu.

Jambo moja nakuonya. Watu wa huko wanakula farasi. Wanampika na mvinyo siku nzima na wanajisifu. Farasi wetu Moro alilima shamba letu miaka kumi na minne, na alipokufa, babu yako hakula chakula siku mbili. Katika nyumba hii farasi haliwi. Umesikia?

Shuka la kumi limeisha. Hukunijibu: mweupe au mwekundu?

Bibi yako,
Cesira

Bologna, 2 Aprili 1962

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Kama umesimama, kaa kwanza.

Nina makosa mawili ya kukiri. Naanza na dogo. Nilikula farasi. Kubwa linafuata, na nitalieleza lilivyotokea ili usidhani nimerukwa na akili.

Ermes alipanda San Felice na kikapu alichofungiwa na mama yake: mkate, soseji, mayai ya kuchemsha sita. Njia nzima tulizungumza juu ya mayai. Ukweli wa Mungu, Bibi. Kutoka San Felice hadi Verona: kama yameiva, kama yameiva sana, chumvi iko wapi. Watu wawili waliojuana tangu wakiwa wanatambaa.

Tulifika uani kwenye ile roshani. Kuta za njia ya kuingilia zimejaa majina ya wapenzi, yameandikwa kwa penseli, moja juu ya jingine. Nilisimama nikaitazama roshani nikingoja moyo useme neno. Haukusema. Nikadhani mimi ndiye mbovu.

Mzee mmoja alikuwa anafagia. Akamwambia Ermes, "Kijana, usiikazie macho hivyo. Mimi ni mkubwa kuliko hiyo roshani."

"Mkubwa vipi, mzee? Si ya zamani sana?"

"Mawe ya zamani, ndiyo. Lakini pale juu yamekaa miaka ishirini na kitu. Watu walikuwa wanakuja kila siku: roshani iko wapi, roshani iko wapi? Hapakuwa na roshani! Wakubwa wa mji wakachoka kuulizwa, wakaiweka. Mimi nilishika kamba."

"Na watu hawakulalamika?"

"Walalamike nini? Walikuta walichokuja kukitafuta."

Akaendelea kufagia. Bibi, ndivyo tulivyochumbiana sisi. Tangu nina miaka kumi na minne kijiji kizima kinauliza: arusi lini, arusi lini? Hapakuwa na kitu. Tukachoka kuulizwa, tukakiweka.

Ermes alitoa penseli ili aandike majina yetu ukutani, maana mama yake atauliza. Akaandika "Ermes na". Akaacha.

"Ncha imekatika," akasema.

Nikaitazama penseli. Ilikuwa kali kama sindano yako.

"Haijakatika," nikamwambia.

"Najua."

Nyuma yetu kuna watu wanangoja zamu ya ukuta. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Fulvia, kwani wewe unataka?"

"Wewe je?"

"Nimeuliza kwanza, bwana."

"Sitaki," nikasema. Neno lilitoka lenyewe. Nilidhani ataanguka. Badala yake aliegemea ukuta, akavuta pumzi ndefu, halafu akaanza kucheka mpaka machozi. "Mungu akubariki," alisema, "Mungu akubariki wewe mwanamke mwenye roho ngumu! Mimi nimekosa usingizi tangu Krismasi." Akatoa barua mfukoni, imechakaa kwa kukunjwa. Amepata kazi ya fundi wa redio melini, bandari ya Genova, na alikuwa ameificha miezi miwili. Ananipenda, alisema, kama anavyowapenda dada zake, na dada zake hangewaoa hata kwa amri ya askofu.

Tulivuka daraja la mawe. Mto Adige ulikuwa umejaa, wa kijani, unapiga kelele. Tukawapa bata mayai yote sita. Na hapo, Bibi, nikashikwa na njaa ambayo sijaisikia tangu mwaka jana. Tukaingia mkahawa wa kwanza, tukaagiza chakula cha siku bila kuuliza. Nilimaliza sahani ndipo mwenye mkahawa akatuambia ni nini. Sikulia. Najua ningepaswa kulia.

Ermes atamwambia mama yake mwenyewe. Lakini wewe sikutaka usikie kwa mtu. Mashuka kumi, Bibi. Macho yako yamekwisha kwenye mashuka yangu. Nikifumba yangu naziona herufi zile mbili na siwezi kusoma. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, niandikie hivyo hivyo.

Mjukuu wako,
Fulvia

Bologna, 14 Aprili 1962

Bibi,

Shikamoo. Siku kumi na mbili bila neno lako. Kila asubuhi nashuka ngazi kabla ya sista mlinda mlango. Kama macho ndiyo yamekuzuia, mwambie mtu akuandikie. Kama ni hasira, andika hasira. Pasaka nitabaki hapa hadi uniite.

Fulvia

Ca' Bianca, 17 Aprili 1962

Fulvia, mtoto wa mtoto wangu,

Marahaba, marahaba. Hujambo? Mimi mzima. Posta waligoma, we msomi, husomi magazeti? Barua zako mbili zimenifikia leo kwa pamoja, na mpeleka barua amekunywa mvinyo wangu kama fidia ya kubeba.

Ermes amekwisha kusema. Bi Elvezia alikuja hapa na kilio, nikampa kahawa, akalia, nikampa nyingine. Kofia ataivaa Pasaka. Ermes anapita na baiskeli akipiga mluzi. Tangu azaliwe sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Sasa mashuka. Yote kumi na mawili yameisha, na yote yana herufi moja, F. Pembeni yake nimeacha nafasi, haijaguswa na sindano. Nilikuuliza mara tatu. Krismasi ulipokwenda kuleta kuni, kuni zilikuwa zimejaa hadi mlangoni. Msichana anayempenda mtu hujibu rangi ya uzi kabla ya kujibu salamu. Nikajisemea, Cesira, ngoja. Darizi ile herufi unayoijua.

Kwa hiyo usiniulize kama nimekusamehe. Njoo Alhamisi, kabla ya Pasaka. Nimekwisha kutandika mawili kitandani kwako; kitambaa kizuri hakingoji bwana. Yaliyobaki utayachukua Bologna, ulale kama mtu.

Ila kuhusu farasi, hilo tutazungumza ukifika. Umekaa? Kama umekaa, simama.

Bibi yako,
Cesira