Chupa za Mistari Miwili

Machteld, mjukuu wangu mkaidi,

Salamu nitakupa, lakini kwanza nikugombeze. Miaka minne! Miaka minne hujakanyaga nyumba hii, na kutoka Gent mpaka huku kwetu Pajottenland ni safari ya asubuhi moja, hata kwa treni ile inayosimama kila penye ng'ombe. Mimi nimetimiza themanini na moja. Unadhani mimi ni kanisa, kwamba siku yoyote ukija utanikuta nimesimama palepale? Haya, sasa salamu. U mzima? Unakula? Lile jino la nyuma uling'oa au bado unalibembeleza? Mimi nyonga inauma mvua ikinyesha, na mvua ya huku unaijua. Daktari alinikataza bia. Nimebadilisha daktari.

Usicheke mwandiko. Nilizaliwa kwenye mashua ya makaa ya mawe, leo mfereji huu, kesho ule, na hakuna mwalimu aliyewahi kutukimbilia kando ya maji. Herufi nilizijua kwa kuzitazama ubavuni mwa mashua za wenzetu, ndiyo maana naziandika kubwa. Barua hii imenichukua siku tatu. Tist jirani alitaka kuniandikia, nikamkatalia, maana yaliyomo hayafai kupitia mkono wa mtu mwingine.

Baba yako Gommaar alitaka kuuza ghala letu la mapipa ya bia. Majira ya kuchipua alikuja mtu wa kampuni kubwa ya bia, Bwana Delvaux, viatu safi kama hajawahi kushuka garini. Alitaka mapipa, jina la nyumba, na uso wangu. Ndiyo, uso! Eti ataubandika kwenye lebo, bibi kizee mwenye aproni, anatabasamu. Na bia yenyewe wataitia sukari, kwa sababu watu wa siku hizi hawapendi uchachu. Nilimwambia asiyependa uchachu anywe maziwa. Gommaar akaniambia polepole, unajua anavyoongea akiwa na huzuni: "Mama, pua yako imechoka. Mimi pua sikujaliwa. Machteld ameondoka. Niambie wewe, nani atachanganya?" Alisema kweli, mjukuu wangu. Bia ya mwaka mmoja pipani, ya miwili na ya mitatu haijichanganyi yenyewe. Tangu bia yako ilipoitwa mbovu ukafunga mizigo, nyumba hii haina ulimi isipokuwa huu wangu wa kizee. Ikawa wapeane mikono na Delvaux Jumapili ya tamasha la bia, mbele ya bonde zima.

Tamasha ni lilelile, ukumbi wa michezo, bendi ya matarumbeta, mikate ya jibini laini na figili, kila mtu na glasi yake mkononi. Mimi nilipangiwa kiti kando ya meza yetu, nikavishwa aproni ya vitambaa vya nakshi ambayo maishani sijawahi kuivaa. Mtu anafanya kazi ya mapipa na nakshi? Binti mmoja wa kamera akaniomba, "Bibi, inua glasi kidogo, uiangalie kwa mapenzi." Nikamwambia glasi ni ya mdomoni. Kisha nikaonja ile bia ya sukari waliyoileta wao kama mfano, nikasema kwa sauti kwamba ni maji ya kuoshea sufuria ya jemu. Baba yako akaninong'oneza nipunguze sauti, watu wanasikia. Nikamwambia nimesema ili wasikie.

Sasa sikiliza nilichofanya. Asubuhi ile Tist alinibebea kreti mbili kutoka ghalani, zimefunikwa blanketi. Mgongo wake umepinda, lakini hauulizi maswali. Gommaar alipokwenda kumsalimia meya, chupa za ile bia ya sukari nilizisukuma chini ya meza kwa mguu, nikalaza za kwangu vikapuni. Delvaux akaja kuonyesha ujuzi. Akaivuta chupa kikapuni, akaisimamisha wima kama soda, akaitikisa kidogo! Kizibo kikaruka mpaka kwa mpiga tarumbeta kubwa, povu likamrudia Delvaux kifuani. Tist akamfokea, "Wewe bwana! Mstari wa chokaa unafikiri ni urembo? Upande wenye chokaa ndio uliolala juu, na ubaki juu mpaka tone la mwisho! Umeamsha mashapo yote, mshamba wa mjini we!"

Hata hivyo wakanywa. Nyingine nikazimimina mwenyewe, zikiwa zimelala kama inavyotakiwa. Machteld, watu wakasogea mezani kwetu na glasi zao. Unamkumbuka Dymphna wa kule kwenye kinu, ambaye hajamsifu mtu tangu azaliwe? Alirudi na glasi mara ya pili, akarudi ya tatu, akasema nimnyime kama naweza. Delvaux, shati limemganda mwilini, akamuuliza baba yako ameifanyaje. Na mwanangu, ambaye hakuwa na habari ni nini anakunywa, akajibu kwamba huo ndio mkono wa ukoo.

Tist alikuwa ameshika chupa tupu. Akaigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena, akapaza sauti, "Ukoo gani? Nyumba hii hupiga mstari mmoja wa chokaa. Hizi zina miwili. Miwili alikuwa anapiga yule binti, na mlimfukuza!"

Baba yako akaniuliza, "Mama, si tulizimwaga hizi?" Nikasimama, nyonga na yote. Nikawaambia wote kwamba bia hii ni ya Machteld, binti wa mwanangu, aliichanganya akiwa na miaka ishirini na mitatu, na sisi tukaiita mbovu. Delvaux hakuchelewa. Akasema basi na yeye aje, kampuni itampa nafasi. Nikamjibu hivi: nusu ya ghala ni yangu, saini yangu ninajua kuiandika, na kutoiandika ninajua zaidi. Nikavua ile aproni ya nakshi, nikamtupia mabegani ajifutie bia. Bendi ikapiga, sijui nani aliwaambia wapige. Hawakupeana mikono.

Gommaar hakunisemesha mpaka Jumatano. Jumatano akaja jikoni, akakaanga mayai, mabaya kama kawaida yake, akaniuliza kama akikupigia simu utapokea. Nikamwambia angoje. Nikamwambia mimi ndiye wa kwanza kuongea na wewe, kwa sababu kosa si lake.

Nimefika, Machteld. Nimezunguka sana lakini nimefika.

Miaka minne hii unamchukia baba yako kwa kuwa ndiye aliyesema zimwagwe. Lakini nani alionja kwanza? Ulinipa mimi glasi. Ulikuwa umevaa buti za babu yako, una michirizi ya chokaa kwenye nywele, unanitazama mdomoni. Nikaonja, nikaitema sakafuni, nikasema bia hii imekufa. Gommaar alifuata ulimi wangu kama alivyoufuata tangu utoto. Angefanya nini?

Haikuwa imekufa. Nilijua kabla haijafika kooni. Ilikuwa na ladha ya tufaha, na majani makavu yaliyonyeshewa, na jiwe la kisimani, na mwishoni kabisa kile kitu ambacho mimi na babu yako Fons tulikitafuta. Yeye amekufa akikitafuta. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na mitano ghalani. Wewe ulikuwa na mitatu. Nilikuonea wivu, sina neno jingine la kuupamba. Niliitema ili nisiimeze, maana ningeimeza ningelia, na ningelia wangejua.

Wewe ulikwenda kuiosha ile glasi, ukaifuta, ukaipanga rafuni kinywa chini, ukatoka. Ningeweza kukuita. Nilichukua tambara nikapangusa sakafu.

Na usidhani nilizificha kwa wema. Nilimwaga pipa la siki kwenye mtaro ili harufu imdanganye baba yako, chupa zako nikazilaza nyuma ya mapipa matupu ili niwe nazo peke yangu. Kila siku yako ya kuzaliwa nilifungua moja, nikanywa nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Kila mwaka ilikuwa tamu zaidi, na kila mwaka mimi nilikuwa mbaya zaidi. Delvaux alipotaka kuiua nyumba kwa sukari, ndipo nilipoona kwamba mimi nilianza kuiua kabla yake.

Sitalia kwenye karatasi, wino utachafuka na nimehangaika nao. Nilidanganya, nikakuvunja, nawe ulikuwa sahihi. Haya nimemwambia Gommaar huku anakula mayai yake, nimemwambia Tist, na nitayasema kanisani padri akinipa nafasi. Asiponipa nitayasema mlangoni watu wakitoka. Wanaotaka kunicheka wacheke, mimi nimeshacheka wengi.

Tist anakusalimu, na mbwa wake yule mwenye sikio moja. Dymphna anakusalimu pia, ingawa ukimuuliza atakataa. Msalimie huyo kijana wako fundi baiskeli, na umwambie kama anakula vizuri nitampenda, kama anachagua chagua chakula basi tutaona.

Tunaanza kupika bia wiki ya kwanza ya Novemba, hewa ikipoa. Njoo hapo. Usijipake manukato, usile kitunguu, na usije na maua. Ingia kwa mlango wa ghala, si wa mbele kama mgeni. Nimechanganya bia moja mwaka huu kwa pua hii iliyochoka, nitakumiminia mimi mwenyewe. Usinisalimie kwanza, wala usinibusu. Onja. Ikiwa mbovu, iteme hapohapo sakafuni, mbele ya baba yako, na useme kwa sauti. Tambara nitashika mimi.

Bibi yako,
Leontine