Kofi Nimesamehe, Bei Siishushi

...na ndiyo, Somo, safari hii niliitaja bei kabla ya kushika kalamu, kama ulivyoniusia pale wodini. "Mimi niliona haya umri wangu wote. Wewe usione." Basi nikwambie, hizo haya zako zimemwaga damu.

Lakini kwanza lililo tamu. Nimeolewa. Athmani, yule fundi wa kuchomelea vyuma uliyekuwa ukimcheka kwa aibu yake, ndiye mume wangu sasa, na kila asubuhi nikimwona akivaa viatu moyo wanienda mbio kama siku ya kwanza. Asmini za kitandani zimekauka zamani na bado sijakubali kuzitupa.

Chumba chako cha kuchorea, kile cha Langoni, nimekifungua tena. Nachora vibao, kadi za harusi, nembo za nyumba za wageni. Wewe ulikuwa ukiwaambia wateja, "Utakachojaaliwa," nao wakikukunjia noti kiganjani, nawe ukiona haya kuikunjua mpaka waende zao. Mimi niliandika bei ya kila kazi, na ya kila badiliko baada ya mara ya pili, nikaibandika mlangoni.

Bwana Shee, mwenye nyumba ya wageni nyuma yetu, nembo yake nilikwisha kuibadilisha mara nne. Akataka ya tano. Nikamwonyesha ile karatasi ya mlangoni.

"Bibi harusi wa juzi," akasema, "wanibandikia bei kama duka la dawa? Marehemu somo wako alikuwa mtu na watu. Nikimpa, akipokea."

"Marehemu alikuwa na haya, Bwana Shee. Mimi nina bei."

Akaichana. Nilipoikimbilia akanipiga kofi mpaka sikio likalia, kisha akainyanyua kompyuta yako, Somo, ile uliyokuwa ukiipangusa kwa ncha ya leso, akaipiga ukutani. Rula yetu ya chuma ilikuwa mezani. Nikamchapa nayo shavuni, nikarudia, nyama ikafunguka, damu ikaruka kwenye leso yangu ya harusi. Akanikaba koo. Athmani alikuwa ananiletea chai, ndiye aliyemng'oa. Akampigiza kichwa kwenye mwimo wa mlango, mara moja, mara mbili, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani ya tatu. Majirani wakawaachanisha.

Nikiwa sakafuni naokota vipande nilikukasirikia wewe. Nilisema kwa sauti: wewe ndiwe uliyewafunza hivi.

Jioni majirani wakatukalisha barazani tupatane. Kila mtu alikuwa na neno lile lile: "Mwana, ishushe kidogo, mambo yaishe." Hata mama mkwe. Athmani, vifundo vya vidole vimevimba, alinisogezea kikombe changu. Ndipo nikapata sauti. Nikasema kofi nimesamehe, na shavu naomba radhi. Kompyuta aitengeneze. Bei siishushi.

Bwana Shee, bandeji mpaka jichoni, akauliza, "Na nembo yangu?"

"Bei iko mlangoni," nikamjibu, na watu wakacheka.

Asubuhi alikuja. Karatasi nilikuwa nimeiunga kwa gundi, na tone la damu yake pembeni. Akaisoma yote, akatoa nusu ya malipo kabla sijakaa.

Somo yangu, wewe bei uliitaja mara moja tu maishani. Ulikuwa umelazwa, mpira wa maji mkononi, unanichorea kadi yangu ya harusi. Nikakuuliza nikupe nini. Hukusema utakachojaaliwa. Ulisema, "Uje na mumeo, mnisomee Fatiha."

Ulale salama. Mwezi huu hauishi kabla hatujafika. Athmani ataingia makaburini mpaka kichwani pako, nami nitasimama ukutani na wanawake wenzangu, nisome kwa sauti uisikie. Nitavaa ile leso. Nimeifua mara tatu, doa halijatoka lote.