Shati la Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimempima baba mkwe! Miaka yote hii naingiza wagonjwa kwenye chumba cha ultrasaundi, nawapaka jeli, geuka, lala, vua — leo mlango unafunguka, ni yeye. Kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa. Vidole vina ganzi, gumba limelegea. Na kinyozi bila gumba ni nini? Wiki iliyopita wembe ulimponyoka, mteja akiwa bado na povu shavuni. Ananisimulia huku anacheka, lakini macho hayakucheka.

Wagonjwa wengine wa mikono nawavua shati bila kufikiri. Neva naikamata kifundoni mwa mkono, naipandisha na kichwa cha mashine mpaka kwapani, siiachi njiani. Kwa Baba ulimi ukawa mzito. Nimwambie mkwe wangu avue shati? Alikunja mkono wa shati mwenyewe, taratibu, akaishia chini ya kiwiko, kisha akageukia ukuta. Nami nikakodolea skrini. Tulikuwa kama watu waliogongana mlangoni pa bafu.

Kifundoni neva imevimba kidogo. Ya mkono wa kushoto, ulio mzima, nayo imevimba kidogo vilevile — umri, nikajiambia. Nikaandika: neva imebanwa kifundoni. Ndio ugonjwa wa wengi. Akashukuru sana, akavaa kofia, akaondoka. Tulipumua wote wawili, nadhani.

Alhamisi, 21 Machi

Daktari mpasuaji amemfungua Baba kifundo, salama. Mzee amewaambia manesi wote kwamba mke wa mwanawe anaona ndani ya mkono wa mtu kama anayechungulia dirishani. Mume wangu naye kifua mbele! Nimefurahi, kwa nini nijidanganye.

Jumapili, 5 Mei

Baba amekuja kula mchana. Kovu limekauka vizuri. Mkono je? Bado, anasema, sasa ananyoa wenye vipara tu, hao hawana cha kuharibu. Tukacheka.

Kisha kifungo cha shati lake kikadondoka mezani. Akataka kukiokota. Gumba na kidole cha shahada vilikutana vimenyooka, kama mdomo wa bata, ncha hazikunjiki. Kifungo kikateleza. Akajaribu tena. Akakisukuma mpaka ukingoni mwa meza, akakikinga kwa mkono wa kushoto, akaendelea kuongea.

Nimejua palepale. Msuli unaokunja ncha ya gumba unapata neva yake huku juu, karibu na kiwiko. Kubanwa kifundoni hakuwezi kuugusa! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Ugonjwa uko juu. Uko pale palipofunikwa na shati.

Mume wangu anamwambia avute subira, mtaalamu yuko hapahapa nyumbani. Na Baba anaitikia, hata barazani wenzake wamechoka kusikia sifa zangu. Ananivika kilemba, hajui ni cha ukoka. Nikaenda jikoni nikaosha sufuria safi. Nimeona aibu mpaka masikio yamechemka. Wamemchana mzee wa watu mkono, bure, kwa maneno yangu.

Jumanne, 7 Mei

Nimemwita. Nilisema nataka kuangalia kovu — uongo juu ya kosa. Akakaa, akaanza kukunja mkono wa shati kama siku ile.

"Baba, naomba uvue shati."

Akanitazama. Akauliza kama mara ya kwanza haikuhitajika.

"Ilihitajika," nikasema.

 Akaanza na kifungo cha juu. Kikamshinda. Cha pili pia. Nikasogea, nikamfungulia mimi, kimoja kimoja, yeye anatazama dari, mimi natazama vifungo. Hakuna aliyekufa. Ndiyo hiyo haya niliyoiogopa, basi!

Nikaipandisha neva. Kiwiko, ikapita. Juu ya kiwiko, ikapita. Katikati ya mkono wa juu — uvimbe mweusi, mviringo, neva inaingia huku inatokea kule, kama uzi kwenye ushanga. Nikaugonga kwa ncha ya kidole, akashtuka, umeme umeshuka mpaka gumbani.

"Hapohapo," akasema, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeonyeshwa kitu chake kilichopotea.

Haikuchukua hata muda wa kupoa chai. Machi isingechukua zaidi.

Jumatano, 8 Mei

Natamani ardhi ipasuke.

Mpasuaji amekuja chumbani kwangu kuuona uvimbe. Baba amekaa kitandani, shuka mabegani. Kwa sura si uvimbe wa kutisha, anasema mpasuaji, atautoa Jumatatu. Lakini nguvu za gumba haahidi. Neva imebanwa muda mrefu, kila wiki ina hesabu yake. Kisha akanigeukia, bila ubaya wowote: mara ya kwanza ulipandisha mpaka huku?

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Alitaka," Baba akasema. "Mimi ndiye niliyekataa kuvua shati. Mambo ya wakwe, daktari."

Mpasuaji akacheka, wazee bwana, akatoka. Nami? Nimeshika chupa ya jeli.  Baba akaomba nimsaidie vifungo. Nikavifunga vyote mpaka cha shingoni. Angesema neno moja tu la kunilaumu, ningeshukuru.

Ijumaa, 10 Mei

Baba analala kwetu mpaka Jumatatu. Jioni hii mume wangu kamvaa. Mpasuaji kamsimulia! Ukaidi wako, Baba, ndio umekuponza. Mke wangu angeyaona haya tangu Machi. Sasa gumba likifa, kibanda cha kunyolea ukifunge, na nani wa kulaumiwa?

Baba ameinama kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kweli, mwanangu. Nisamehe."

Anaomba msamaha! Kwa kosa langu, mezani kwangu, kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Mume wangu akanigeukia: "Mwambie wewe. Labda wewe atakusikia."

Baba akanitazama. Akatikisa kichwa, kidogo sana, asione mwanawe: usiseme. Nikasema naenda kuleta sukari.

Sukari ninayo hapa, kando ya hili daftari. Niko chumbani, mlango nimeurudisha. Nikiwaambia, mume wangu atajua mimi ni nani, na Baba atajulikana kasema uongo. Nisipowaambia, Jumatatu anaingia kisuni na lawama yangu juu.

Mume wangu ameshaita mara mbili. Sasa anayeita ni Baba — anasema nisihangaike, chai ataimeza hivyohivyo, bila sukari.