Baiskeli Juu ya Matofali

Dzaleka

Kwa mdogo wangu Zaituni, huko Area 36, Lilongwe,

Hatujambo. Mahindi yamechanua, ingawa mchele wa kwetu Kindu bado naukumbuka.

Jana jirani yetu, mama Djuma, alikuja kumwona mgonjwa. Alimkuta binti yangu Maimouna juu ya baiskeli tuliyoiinua kwa matofali, anakanyaga pedali, jasho linamtoka.

“Mgonjwa iko wapi?”

“Njo mimi huyu, mama. Kaa, nimalize.”

“We! Mgonjwa analala, bantu banakuja kumuona!”

“Basi bakuje saa ya kulala.”

Ugonjwa wake wa neva, ile sclérose, haujapona. Daktari wa Lilongwe aliyemwagiza mazoezi alipima damu, aone kama yanabadilisha homoni zake. Anasema majibu hayajaonyesha jambo la uhakika. Ila uchovu umepungua, na asubuhi, kabla ya jua kali, miguu inamtii.

Ulisema akishindwa kusimama utakuja kumchukua mwanawe Aicha, umlee. Najua ni upendo. Leo Maimouna amempeleka shuleni kwa miguu, akarudi peke yake. Mtoto abaki na mama yake. Wewe njoo ututembelee tu. Watakupokea barabarani, wote wawili.

Kaka yako anayekuwaza,
Asumani