Mtungi Unaolia Vizuri

Machi 4

Mkwe,

Natumaini bado mnapumua. Mimi ni mzima, mama mkwe wako ni mzima, basi hilo tumelimaliza.

Mwanangu, mkeo, ameniambia, tena anacheka, kwamba ile mitungi minne ya hewa niliyompa siku ya ndoa yenu umeifungua, ukatia vigae vilivyovunjwa ndani yake, ukailaza juu ya kitu chenye mota ya mashine ya kufulia, ikabiringika uani siku nzima majirani wameziba masikio. Nilimwambia arudie. Akarudia.

Nakuuliza kwa upole, maana mama mkwe wako amekaa hapa ananiangalia ninavyoandika. Nani alikwambia uguse? Wewe ni fundi wa mashine za kufulia. Sina neno na kazi hiyo, watu wote huchafua nguo. Lakini mwanangu anashuka chini ya meli kuzikwangua matumbo, na kinachomrudisha juu ni hewa iliyo mgongoni mwake. Mitungi hiyo niliipima mwenyewe, kama nilivyowafundisha wazamiaji wote wa bandari hii. Unauning'iniza mtungi, unaugonga kwa spana, unasikiliza. Mzima hulia mlio mrefu. Wenye kutu hukoroma. Yote minne ililia.

Nirudishie mitungi kwa basi. Na usinipigie simu kujieleza. Neno la maana huandikwa.

Baba wa mkeo


Machi 9

Baba mkwe,

Shikamoo. Hatujambo. Kupumua tunapumua, tena vizuri kuliko mwezi uliopita, na sababu nitakueleza. Mama naye umpe salamu zake peke yake, zisichanganyike na haya yanayofuata.

Mitungi sirudishi. Mke wangu hukumwona alivyokuwa akirudi kazini. Alikuwa anarudi na kichwa kizito, anakaa mlangoni na viatu miguuni, hataki kusemeshwa. Nikatoa valvu ya mtungi mmoja nikachungulia kwa tochi. Ndani mwekundu kama tofali. Nilipouinamisha yakatoka maji ya rangi ya chai. Kutu inakula hewa, Baba. Inakula ile sehemu tunayoihitaji na kukuachia makapi. Geji inasema umejaa, nawe unavuta kitu kisichofaa hata kuwashia kiberiti.

Ndipo nikaunda hiyo unayoiita kitu. Mabomba mawili nimeyavisha mpira wa baiskeli, pembeni mota, na puli kubwa ya mkanda ili mwendo uwe wa pole. Mtungi unalala juu ya mabomba unazunguka, vigae na maji vinasugua kuta kwa ndani mpaka chuma kinang'aa. Zipo mashine za namna hiyo za kununua, lakini sisi tuna mikono.

Sikatai kwamba mitungi ililia. Nauliza nani aliyesikiliza. Mke wangu anasema simu yako huita mezani mpaka mama aje akuguse bega. Maji yamekula masikio ya wazamiaji wengi, si aibu. Wahenga wana neno lao kuhusu sikio na dawa, na kwa heshima yako silimalizi.

Yule ndugu wa hii minne, mtungi wa tano uliotundikwa dukani kwako umejaa hewa tangu harusi yetu, nakuomba uufungue uchungulie.

Mkweo


Machi 15

Mkwe,

Shikamoo yako nimeipokea kwa ncha ya kidole. Hali yangu njema. Masikio yangu nayo hayajambo, yanakusalimu.

Barua yako nimewasomea wazamiaji wangu hapa dukani. Walicheka. Mmoja hakucheka, na huyo ndiye aliyeniudhi. Nimekula chumvi nyingi chini ya maji, nimefukua nanga ambazo wenyewe walishazifanyia matanga, leo fundi wa mapovu ananifundisha hewa.

Sikiliza basi. Jumamosi asubuhi nitauvaa huo mtungi wa tano, bila kuufungua, nitashuka pale gatini watu wakiona, nikae chini mpaka wachoke kunisubiri. Mwanangu aje anishikie kamba ya kunivutia juu. Wewe huna haja ya kuja, baki na ndoo zako.

Nilikukubali kwa sababu binti alilia siku tatu, na mama yake akamsaidia kulia. Nikasema liwalo na liwe. Sikujua kwamba litakuja kunitukana kwa wino.

Baba wa mkeo


Machi 20

Baba,

Leo sikuamkii. Shikamoo hupewa mtu aliye hai, na nataka nikupe wiki ijayo.

Usishuke na mtungi huo. Kutu imekuwa ikila hewa hiyo tangu harusi. Geji haiwezi kukwambia, spana haiwezi kukwambia, na huko chini hutabanwa na pumzi ukajua, utazima tu kama taa. Ukitaka kunikomoa ziko njia nyingi. Njoo univunjie mashine, nitakufungulia geti.

Nimempigia mwanao, amezima simu. Tuligombana kabla hajapanda basi. Nilisema baba yako ni kiziwi na ni mkaidi, akaniambia nijaribu kusema hayo nikiwa na baba. Mimi sina, unajua. Basi nakuandikia wewe, na kuandika kwenyewe kunaniuma, kwa sababu hunipendi na mimi sikupendi, lakini sitaki kamba ile iwe mikononi mwa mke wangu watakapokupandisha maiti.

Barua hii nampa kondakta wa basi la usiku. Nimemwambia asikupe kwa mkono mmoja akaondoka. Asimame mpaka uisome.

Mkweo


Aprili 11

Mkwe,

Natumaini mko salama. Mkeo alifika huko, najua. Mimi nilitoka hospitali, nikalala nyumbani kwanza, sasa nakaa.

Kondakta wako alisimama. Alinikuta nimeshavaa mtungi, nikaisokomeza barua kwenye kiatu changu pale gatini, nikamwambia nitaisoma nikipanda. Nikashuka. Sikuona shida yoyote. Nilijisikia vizuri, tena vizuri mno, nilikuwa nakucheka moyoni. Hapo ndipo kumbukumbu zangu zinapokatika.

Mwanangu aliujua mwandiko wako, akaitoa barua kiatuni, akaisoma kamba ikiwa mkononi. Hakumaliza. Wanasema alivuta peke yake kabla watu hawajamfikia, na kwamba nilikuja juu nimelegea, midomo ya buluu. Haya nayaandika kwa sababu yeye hatakwambia. Alipoona nimefumbua macho alinitukana mbele ya watu wote, matusi ambayo sikumfundisha mimi, halafu akalia. Nilimwona analia. Sauti yake sikuisikia vizuri, na hilo nakwambia wewe tu.

Usije ukadhani nimekupenda. Barua zako hazina adabu, na ile ya sikio na dawa nitakukumbushia.

Lakini mitungi ya wazamiaji wote iko hapa dukani. Nimewanyang'anya, hawazami, wananinunia. Niliifungua mmoja mmoja nikachungulia kwa tochi, na mingi ni ile niliyoigonga nikasema mizima. Yule ambaye hakuicheka barua yako aliniletea mabomba na mota, na nimeunda mashine kwa kufuata maelezo yako. Inazunguka. Nilibiringisha mtungi wa kwanza mpaka ukang'aa kama sahani, nikausuuza kwa maji safi, nikauinamisha kivulini ukauke wenyewe. Asubuhi nikachungulia, ndani mwekundu tena. Nikarudia na mwingine, yakawa yale yale. Maji nimebadilisha, vigae nimebadilisha. Vijana wanakaa hapo nje wananitazama.

Niambie ninapokosea.

Baba