Kumbi Saba za Mumbai

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, ya kiasi kile ambacho ukifungua mwavuli unaonekana mwoga.

Kwa wote wanaohusika, natangaza rasmi kwamba kuanzia leo mimi ni mtaalamu wa kumbi za dansi za jiji la Mumbai. Nimejifunza mwenyewe, kwenye simu, wakati wa mapumziko ya chai kazini.

Mumbai kwenyewe sijafika.

Sababu ni Zawadi, binti yangu, ambaye kampuni yake imempeleka kule kikazi. Wiki tatu zilizopita aliniandikia: njoo mwezi ujao, twende tukacheze. Huyu ndiye mtoto ambaye, kwenye harusi ya mwisho hapa Wembley, London, alinifuata nikicheza katikati ya ukumbi akanishika mkono. "Mum, please." Nikaenda kukaa na wazee wa kamati. Sasa yeye ndiye ananialika. Ujumbe ule nimeusoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya daktari.

Kwa hiyo nimesoma kama mtu wa mtihani. Najua Bandra ni ya vijana wenye hela na Andheri ni ya watu wa filamu. Najua wanaume wakija bila wanawake wanaweza kurudishwa mlangoni, na sisi tukapita. Ni mlango wa kwanza kunipendelea tangu nihamie nchi hii. Najua pia kwamba kumbi nyingi hufungwa saa saba na nusu usiku, saa ambayo kwenye harusi zetu chakula ndiyo kwanza kinaingia.

Orodha yangu ina kumbi saba. Kitu ambacho mtandao haukuniambia ni ukumbi upi mwanamke wa miaka hamsini na mitatu anaweza kucheza bila mtoto wake kujifanya hamjui.

Nikapanda basi hadi Southall kumuuliza Mzee Gurdev. Ni Mhindi mwenye duka la vitambaa, kazaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kinakishinda changu. Nilimwekea orodha juu ya meza yake kama mtu anayempelekea fundi saa iliyokufa.

Akaisoma yote. Akavua miwani.

"Mama Zawadi, mimi Mumbai nimekaa saa tatu, uwanja wa ndege, nikingoja ndege nyingine. Wewe mwenyewe kumbi za Kinshasa unazijua?"

"Sizijui."

"Na wewe ni Mwafrika."

Nikaikunja orodha yangu.

"Ungeniuliza Kisumu," akasema. "Kisumu nilicheza mpaka viatu vikaachia soli."

"Muongo!" mkewe akapaza sauti kutoka nyuma ya majora. "Alikuwa anashika makoti ya wenzake!"

Nilinunua mita mbili za kitambaa nisichokihitaji, kwa aibu tu. Nakiri hapa kwa sababu nyumbani sitakiri.

Jioni nikampigia Zawadi nimsomee orodha, achague mwenyewe. Nilianza na wa Bandra. Humu umeshaingia? Hapana. Wa Andheri? Hapana. Kufika wa nne nilikuwa nasoma polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Wa saba sikuusoma.

Akaniambia, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba kazini watu ni wema sana, ila ikifika jioni kila mtu anarudi kwao. Na kwamba ukumbini mtu haingii peke yake.

Nikamwambia nitakuja na ile nguo ya kijani. Ile anayoiita pazia.

"Njoo nayo," akasema, kwa Kiswahili.

Tukaongea habari za hali ya hewa, kisha tukaagana.

Ana miezi mitano Mumbai sasa. Hajacheza popote.